Kitenge cha Mama na Sikukuu ya Waairishi

Wifi yangu alikuja na mume wake Mwairishi katikati ya masika, wakafikia kwetu Mjimwema. Siku ya tatu ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa kwao huyo mume, na wifi akasema sebule yote iwe ya kijani, rangi ya sikukuu hiyo. Sikuona ubaya. Napenda nyumba iliyopambwa. Nilichuma yale majani madogo ya vidole vitatu yanayoota karibu na bomba, yanayofanana na jani ambalo ni alama ya sikukuu yao, nikayatia kwenye chupa tupu za jamu, nikazipanga dirishani. Nikakata majani mengine makubwa ya karatasi ya manila, nikayabandika ukutani juu ya kochi. Pakapendeza.

Wifi akasema bado pamepooza. Akaniuliza kama nina kitambaa cha kijani cha kutandika mezani. Nikamtolea kitenge cha marehemu mama yangu. Mama alikinunua nilipojifungua mtoto wa kwanza, akambebea mgongoni mpaka alipoanza kutembea.

"Ni cha mama," nilimwambia. "Tandika tu, jioni nitakikunja."

"Usiwe na wasiwasi, wifi."

Nikaenda sokoni kutafuta viazi. Niliporudi, vibendera vya pembetatu vilining'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Nilivitazama mara mbili kabla sijaelewa. Maua ya kitenge cha mama yalikuwa yamekatwa katikati. Mkasi wangu mwenyewe ulikuwa juu ya kochi.

"Umefanya nini?"

"Si kitambaa tu, wifi? Kilishapauka. Nitakuletea kipya, kizuri zaidi."

Kitambaa tu. Nikaweka viazi chini. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alikuwa ameketi pale pale na alikuwa ameona kila kitu tangu mkasi ulipoingia. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, kuna mgeni. Meza tu."

Nilikuwa nimemeza miaka mingi katika nyumba ile. Siku hiyo nikapanda juu ya kiti, nikaanza kuchomoa pini, kibendera kimoja kimoja. Wifi akasema namwaibisha mbele ya mume wake. Nikaendelea kuchomoa.

Yule mume akaingia kutoka uani, akauliza kwa Kiswahili chake cha pole pole kuna nini.

"Hiki kilikuwa kitenge cha mama yangu aliyekufa," nikamwambia. "Mke wako amekikata."

Uso wake ukaiva wekundu. Akasema kwao mama yake hubandika jani moja tu kifuani siku hiyo, basi. "Mimi sikuomba haya," akasema. Kisha akanishikia kiti mpaka nikamaliza.

Wifi hakuniomba msamaha siku hiyo wala siku waliyoondoka. Aliacha kitenge kipya kitandani, bado kikiwa kwenye mfuko wa dukani. Nilimpa mama mkwe.

Mume wangu anasema nimezidi, kwamba kitambaa hakimrudishi marehemu. Kana kwamba mimi sijui. Fundi mmoja wa Mshangano aliniambia anaweza kuviunga vile vipande, ila mishono itaonekana. Nikavirudisha nyumbani kama vilivyo.

Jumapili wifi hupiga simu kumsalimia mama yake, na mama mkwe akishamaliza huninyooshea simu. Huwa nasema mikono yangu ina unga, hata kama nimekaa tu.