Kibuyu cha Pankrasi

Wajomba zangu wakipata pombe hujisifu kwamba babu yetu Pankrasi alikuwa mlinzi wa bwawa hapa Songea, enzi za Mjerumani. Wakifika hapo hunyamaza, maana wanajua kinachofuata. Mimi nitamalizia, ingawa naona haya mpaka basi.

Bwawa lilikuwa la udongo na magogo, nalo lilivipa maji vijiji vitatu vya bondeni. Mwaka 1905 Babu aliletewa kibuyu cha dawa ya vita, ile iliyosemwa kwamba inageuza risasi kuwa maji. Kibuyu kimoja, watu mamia! Basi akajiona mjanja: akakimimina bwawani, akabomoa ukuta kwa jembe ili dawa iwafikie wote, kisha akakimbia kandokando ya mto akipiga kelele, "Kunyweni! Risasi haitawapata!"

Miaka minne baadaye, vita na njaa vimekwisha, jumbe aliita kikao: bwawa lijengwe upya au liachwe? Wanawake wa bondeni walilitaka, kwani kiangazi walifuata maji mwendo wa nusu siku. Wazee wakagoma.

"Mjerumani alilibomoa, atalibomoa tena," alisema mzee Egidi. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

Wengi wakaitikia, na jumbe akainuka kufunga kikao.

Uongo huo kuhusu Mjerumani aliueneza Babu mwenyewe, na sasa ulikuwa unawanyima watu maji. Akasimama.

"Si Mjerumani. Ni mimi." Akaeleza yote, kibuyu na jembe. "Bwawa lenu nimelivunja mimi. Nisameheni."

Watu waliguna. Egidi akatema mate. Kisha akasimama Walburga, mjane wa bondeni aliyekuwa amelipigania bwawa tangu asubuhi.

"Bwawa ni udongo, baba. Tutalijenga," alisema. "Lakini mwanangu Leo alikuwa amejificha nami porini. Alikusikia ukipita. Akanywa, akatoka kifua wazi kwenda kupigana."

Babu alikuwa amekuja kuungama ukuta tu.

Bwawa lilikamilika kabla ya masika. Babu alibeba udongo kuliko mtu yeyote, na Walburga akawa anateka maji hatua chache kutoka mlangoni kwake. Babu mwenyewe, hadi anakufa, aliteka kwenye kijito cha ng'ambo ya kilima, na wajomba zangu husema eti alipenda kutembea.