Makamasi ya Mbuzi wa Nyongeza

Ukitaka kununua mbuzi, lazima kwanza umtukane. Ndiyo kazi yangu kati ya Masasi na Newala. Mbuzi mzima wa afya unamwambia mwenyewe ana mguu mmoja mfupi, na mwenyewe anakujibu kwamba mfupi ni wewe. Matusi yakiisha bei imeshuka, mnapeana mikono.

Siku hiyo nilikuwa kijiji kimoja cha bondeni, upande wa Masasi, ambako mashamba ya mwisho yanagusana na pori la akiba. Mbuzi wanakunywa dimbwi lilelile wanalokunywa swala. Mzee mmoja aliniuzia mbuzi sita. Nikawahesabu, nikarudia, sita. Nikaomba wa nyongeza, maana mchuuzi asiyeomba nyongeza hata muuzaji anamshuku. Akaniletea kadogo kamoja.

"Huyu anatoka makamasi," nikasema.

"Hata wewe unatoka makamasi, tajiri, na hakuna aliyekukataa."

Tukacheka. Nikamwangalia vizuri: kweli pua ilikuwa inatoka makamasi, macho yana tongotongo. Lakini nilikuwa nimeshataja kasoro sita za mbuzi sita, zote za kutunga. Hii ya saba nikaiweka fungu moja na zile sita.

Gari la mizigo likatupandisha hadi Mkunya, kwa shangazi yangu, ambaye banda lake ndilo gesti ya mbuzi wangu. Yeye alikuwa na watano, amewalea kwa ajili ya sherehe ya kumtoa mjukuu wake jandoni. Huko juu maji ni ya kununua kwa ndoo, kwa hiyo hakuna anayemwaga beseni eti mbuzi mwingine ameshatia mdomo. Wangu saba na wake watano walikunywa beseni moja. Kesho yake nikapeleka wawili kwa mchinjaji wa Newala mjini, waliobaki nikawaacha wanenepe.

Siku ya sita shangazi akapiga simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbuzi wako wamekuja kuwafundisha wangu kukohoa."

Nilipofika, wa nyongeza alikuwa ameshakufa. Wangu wawili na wake watatu walikuwa wanaharisha, midomo ina vidonda kama wamelamba moto. Bwana mifugo wa kata akaja na pikipiki, akawafungua midomo mmoja mmoja. Akasema ni ugonjwa wa sotoka ya mbuzi. Ukishaingia hauna dawa ya kuufukuza. Kinachosaidia ni chanjo, na chanjo ni kabla. Binadamu haumpati, ila mizoga izikwe, asitoke mtu hapo na kitoweo.

Nikawahi kusema, "Ni hao wanyama wa porini. Wanakunywa pamoja na mbuzi."

"Swala hana wa kumtetea hapa," bwana mifugo akasema. "Mara nyingi mbuzi ndio wanaompelekea yeye, naye anakufa bila wa kumzika. Umewanunua wapi?"

Mchuuzi hasemi anakonunua. Hata mke wangu hajui. Kijiji kikitajwa kinafungwa, mzee hauzi, mimi sinunui.

"Huko chini, Nanganga," nikasema. Nanganga huwa napita tu.

Shangazi alikuwa amekaa chini, kichwa cha jike lake kiko mapajani, anamfuta pua kwa pindo la kanga. Hakuniangalia.

"Baba," akasema, huniita hivyo kwa kuwa nimerithi jina la baba yake. "Huko walikotoka, hakuna mtu kama mimi?"

Kichwani nikamhesabia yule mzee wa bondeni mbuzi aliobaki nao, nikahesabu na mabanda ya jirani zake. Nikarudia. Halafu nikakitaja kijiji, nikamtaja mzee, na mchinjaji wa Newala nikamtaja. Bwana mifugo akampigia mwenzake wa kule palepale.

Wale watatu wa shangazi walikufa. Mashimo nilichimba mwenyewe. Wazima wakawekwa karantini, mjukuu akatolewa jandoni kwa kuku.

Karantini ilipoondolewa, nikashuka kwa yule mzee, nikijua safari hii nitakayetukanwa ni mimi. Zizi lake lilikuwa limepungua zaidi ya nusu. Ya jirani zake yalikuwa yamejaa, chanjo iliwawahi.

"Ulisema ana makamasi," akaniambia.

"Nilisema."

"Nikadhani unashusha bei."

"Na mimi nilidhani hivyohivyo."

Nikamwambia natafuta jike mmoja aliyechanjwa, wa kumpelekea shangazi. Akamtoa. Nikamwangalia puani, machoni, nikamfungua mdomo, nikarudia tena upya. Safi. Mzee akataja bei, akajiweka sawa kusubiri matusi.

Nikatoa hela, nikampa.

Akaniuliza kama naumwa.