Maua-blanketi ya Verlene

Nyasi za Dwayne zilikufa kiangazi cha pili baada ya mwenyewe kuzikwa. Mkewe, Verlene Hostetter, hakuziacha zife hivihivi. Mji wao mdogo wa magharibi ya Kansas ulipopiga marufuku kumwagilia bustani, alibeba kwa ndoo maji aliyoogea, mpaka kiuno kikamgomea. Zikakauka vilevile.

Hata hivyo, kila Jumamosi Lyle, mdogo wake Dwayne, alivuka barabara akisukuma mashine ya kukatia nyasi. Hakukuwa na cha kukata. Mashine ilitimua vumbi tu. Akimaliza hukaa barazani, wakanywa kahawa, wakamsema marehemu na ubahili wake, kisha huyo akarudi kwake.

Septemba Verlene alikata shauri. Kando ya reli alikuwa akiona maua-blanketi yakijiotea kwenye kokoto, mekundu yenye kingo za njano, hayana wa kuyanywesha wala wa kuyalilia. Akanunua miche kwa mama mmoja wa sokoni, akazing'oa nyasi zote kwa sururu, akaipanda palepale juani.

Lyle alipokuja na mashine yake alikuta udongo mtupu na vijimiche.

"Shemeji, umefanya nini hapa?"

"Nimepanda maua. Haya hayatanidai maji kila siku."

"Nyasi hizi kaka alizipanda kwa mikono yake."

"Nani asiyejua? Suruali zake zenye magoti ya kijani nilizifua mimi. Zimekufa, Lyle."

"Ungeniambia basi."

"Ungenikatalia."

Lyle akageuza mashine, akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Kanisani walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya posta.

Verlene alidhani ni hasira tu, zitapoa. Majira ya baridi yakapita. Siku moja anaosha kikombe chake kimoja, ndipo ilipomwingia: Lyle hakuwa na mke wala mtoto, na tangu lini mtu akakata nyasi zilizokufa? Alikuwa anatafuta kisingizio cha kuja, naye amemng'olea kisingizio chenyewe na mizizi yake. Aliona haya, lakini maneno ya kwenda nayo hakuyapata.

Maua nayo yalimtia mashaka. Alikuwa mpishi wa shule miaka mingi, hakujua kupenda kitu bila kukilisha. Akayajazia samadi. Yakanenepa majani, yakalala chini kama walevi, ua lenyewe hulioni. Yule mama wa sokoni alicheka aliposimuliwa.

"Umeyalisha kama watoto wako wa shule. Yaache na njaa kidogo, dada. Kwao ni kwenye kokoto."

Akaacha. Ilimuuma kuacha, lakini akaacha. Kufika Julai, jua likichoma mpaka lami inanata viatuni, bustani yote ilikuwa nyekundu na njano, na nyuki wanavuma tangu asubuhi.

Alfajiri moja alitoka kukata maua yaliyonyauka, akakuta nyuki wakubwa wenye manyoya wamejikunyata juu ya maua, wana umande mgongoni, hawatikisiki. Akavuka barabara na ndara zake, akagonga kwa Lyle.

"Njoo unitazamie nyuki wangu. Naona wamekufa."

Lyle alikuja na fulana ya ndani, akainama, akamsogezea mmoja kidole. Nyuki akainua mguu mmoja polepole, kama anayesema niache.

"Hawajafa. Wamelala."

"Nje hivi?"

"Madume hao. Hawana mzinga wa kurudi. Jioni inapowakuta, hapohapo."

Walisimama wakiangalia mpaka jua likawafikia nyuki, mmoja mmoja akajikung'uta, akaruka.

"Ilifaa nikuite kabla sijachimba, Lyle."

"Ndiyo, ungeniita."

"Basi ingia. Kahawa iko jikoni."

Jumamosi ile Lyle alikuja bila mashine. Alikuja na jembe dogo, akapiga magoti kung'oa magugu, huku akilalamika kwamba maua haya hayana adabu, yanaota popote yanapotaka.

"Nyasi zilikuwa nzuri zaidi," alisema.

"Zilikuwa nzuri," Verlene akamkubalia, akamsogezea kapu la magugu.