Loretta na Nukta Iliyotawanyika

Saa moja asubuhi, Loretta Stegall anafungua duka la bunduki katika mji mdogo wa vilimani, Missouri. Hata taa hajamaliza kuwasha, Mzee Verlon Pruett, mkata mbao mstaafu, anabwaga boksi kwenye kaunta.

"Umeniuzia kimeo, Loretta! Nukta imetawanyika kama yai lililopasuka. Na msimu wa bata mzinga unafunguliwa Jumatatu!"

Loretta habishani. Anatoa boksini darubini ndogo na kuiwasha, ile ambayo hufungwa juu ya shotigani, bunduki ya kufyatua chembechembe za risasi, na kumwonyesha mwindaji nukta nyekundu pale anapolenga. Anaipiga picha kwa simu kupitia kioo chake.

"Vaa miwani ya kusomea, utazame picha. Kamera imeiona nukta duara, si hivyo? Darubini ni nzima, Mzee. Lenye kasoro ni jicho lako."

"Jicho hili limewinda tangu hujazaliwa!"

"Basi limechoka. Kapimwe kwanza. Sikuuzii nyingine mpaka urudi na miwani."

Mzee anatoka akifoka kwamba maduka hayajaisha. Ni mteja wa tatu kumkimbia wiki hii, na Loretta, mwenye miaka 58, hulipwa dola kumi na sita kwa saa pamoja na kamisheni ya kila darubini. Bosi wake humwita kichwa kigumu.

Ugumu huo una sababu. Miaka tisa iliyopita, Loretta naye aliiona nukta imetawanyika, akaona aibu kusema. Asubuhi moja msituni akaona chekundu kikitikisika kichakani, akadhani ni kichwa cha bata mzinga dume. Akafyatua.

Alikuwa mumewe, Dale, akipenga kamasi kwa leso nyekundu.

"Mimi ndiye niliyempiga," ananiambia mimi mwandishi, akifuta kaunta ambayo tayari ni safi. "Alinisamehe palepale hospitalini. Mimi bado sijajisamehe."

Tangu siku hiyo hajaingia msituni. Mwaka huu Dale amembembeleza hadi amekubali. Amepata miwani, na amejichagulia darubini ya kukuza kidogo, ambayo alama yake imechorwa kwenye kioo chenyewe. Hiyo, kwa macho yake, haitawanyiki.

Mchana Dale anamletea chakula. Namuuliza Jumatatu atakaa wapi.

"Ubavuni kwake," anacheka. "Leso naiacha nyumbani."

Loretta hacheki. Anamgusa shavu, pale zilipobaki chembe saba za risasi.

"Nikiona chekundu tu, sifyatui," anasema. "Mpaka nimwone ndege mzima. Nisipomwona, tutarudi wote wawili mikono mitupu, tukale mayai."