Daraja Nyuma ya Mama

Harufu ya majani ya mkaratusi yaliyochemshwa ndiyo iliyojaza fleti yetu ya Guildford majira yale ya baridi, mwaka ambao upande wa magharibi wa Sydney ulifungwa kwa sababu ya korona. Koko, ndivyo sisi Wakongo tunavyomwita bibi, aliyaokota majani hayo kando ya reli, akayachemsha kwenye sufuria kubwa, kisha akatufunika blanketi mimi na mdogo wangu Baraka tuvute mvuke mpaka machozi yatutoke. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Baraka sita. Nje, helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa, na mara moja askari jeshi walipopita barabarani wakibisha hodi, Koko alizima taa na kutuambia tulale chini. Baba alikuwa na kibali cha kwenda kazini, kwenye ghala la Smithfield, na Mama, binti yake Koko, alikwenda kuwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Sisi tulibaki na mvuke, masomo ya kwenye kompyuta, na Koko akirudia kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi.

Tulikuwa tumefika Sydney miaka miwili nyuma, kutoka kambini Tanzania, na hatukuwahi kuiona bandari. Katika darasa la kambini la kuwaandaa wasafiri, mwalimu alitupitishia picha ya daraja la chuma lililopinda kama upinde, na karibu yake Jumba la Opera lenye mapaa meupe yaliyotuna kama matanga. Koko aliishika picha ile kwa muda mrefu, kisha akauliza kama nyumba ile huvuja mvua. Mama alimwahidi kwamba atampeleka akaulize mwenyewe. Lakini zamu za Mama hazikuisha. Treni za mjini zilipita karibu na dirisha letu kutwa nzima, na sisi tulisema Krismasi, kisha tukasema Pasaka. Halafu ikatoka amri ya kutovuka mipaka ya wilaya, na mji ukawa mbali kama Kongo.

Mama ndiye aliyeugua kwanza. Fleti ilikuwa na vyumba viwili tu, hapakuwa na pa kumtenga, kwa hiyo wahudumu wa afya waliovalia plastiki mwili mzima walikuja na gari dogo wakampeleka karantini, katika hoteli moja katikati ya mji. Aliondoka na mfuko wa nguo bila kutugusa. Jioni alipiga simu ya video. Hakuzungumzia homa, aligeuza simu dirishani, na ng'ambo ya kioo kisichofunguka tukaliona daraja zima, mwisho hadi mwisho. Kuanzia siku hiyo alitutembeza kila jioni. Alituonyesha feri za kijani na njano zikivuka bila abiria, mtaa wa kale wa nyumba za mawe ulioanza na wafungwa walioletwa kwa meli kutoka Uingereza, na ngome ndogo juu ya mwamba katikati ya maji. Muuguzi aliyempigia simu kila asubuhi alikuwa amemweleza kwamba, kabla ya ngome kujengwa, wafungwa wakorofi waliachwa juu ya mwamba ule kwa mkate na maji.

"Basi hao ni wenzangu," Mama alisema.

Koko alicheka mpaka akakohoa. Tulidhani ni kicheko tu.

Ambulensi ilimchukua asubuhi ya baridi, amejitanda kitenge juu ya koti la Baba, na hakurudi. Habari ilipofika, Baba alituita jikoni, mwiko bado mkononi, akasema, "Koko amepumzika." Mimi nilimaliza wali wangu. Nakumbuka ulikuwa na chumvi nyingi, na sikumbuki kingine chochote nilichohisi.

Siku ya mazishi vipimo vyetu vilikuwa safi, lakini homa ya Mama ilikuwa haijaisha na muda wake hotelini ukaongezwa. Watu walioruhusiwa makaburini walikuwa wachache, wamesimama mbalimbali na barakoa zao, na mchungaji aliharakisha. Baba aliinua simu ili Mama aone. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo; Mama alikuwapo, kwa ukubwa wa kiganja. Alisimama dirishani amefunga kitambaa kichwani, na nyuma yake daraja liling'aa juani. Macho hayana pazia. Jeneza lilipokuwa likishuka, mimi niliangalia daraja. Baraka naye akasema, kwa Kiingereza, lugha iliyokuwa imeshamkaa mdomoni kuliko Kiswahili, "Mama, sogea kidogo, sioni daraja."

Mama akasogea.

Kiangazi, mji ulipofunguliwa, tulipanda treni hadi gati la feri. Watu walipiga picha, walikula aiskrimu, walikumbatiana. Jumba la Opera nililiona kwa karibu. Mapaa yake si meupe sana, yana rangi ya maziwa. Nilingoja furaha au uchungu, lakini havikuja. Mama alikuwa amegeuzia maji mgongo, akitazama mahoteli.

"Dirisha lako ni lipi?" nikamuuliza.

"Sijui. Kwa nje yote yanafanana." Kisha akasema polepole, "Neema, ni mimi niliyemletea ule ugonjwa."

Baba alisikia. Akamwambia, "Mama Neema, usiseme hivyo." Kisha tukarudi nyumbani.

Leo nina miaka kumi na minane. Wageni wakija kututembelea mimi ndiye ninayewapeleka bandarini, na mengi ninayowaeleza nayajua vizuri. Mwaka huu, hatimaye, tulifanya matanga ya Koko. Mabasi mawili ya watu wa kanisani yalijaa, Wakongo na Warundi, na makaburini tuliimba hadi sauti zikatukauka. Mama alilia kwa sauti kubwa, kilio alichokuwa amekiweka miaka yote ile. Mimi sikulia, sijui bado kama nitalia. Nilisimama nyuma yake nikamshika mabega, nikaacha uzito wake wote uniegemee, maana safari hii aliweza kushikwa.