Neno Aliloligombania Mama Vipimo

Nikikuambia huyu mwanamke aliandika hadithi mguu ukiwa kwenye cherehani, usinikatize. Cherehani yenyewe ikinogewa na kisa ilikuwa inakimbia bila kukanyagwa. Mtaa mzima ulimwita Mama Vipimo. Daftari lake lilikuwa moja tu, na humo ndimo mlimolala kila kitu: kifua arobaini, kiuno thelathini na nne, mwizi akaruka dirisha, mkono ishirini na mbili.

Visa hakuvifuata mbali. Mtu akizungushiwa tepu tumboni huvuta pumzi, na akija kuiachia, siri ya nyumbani kwake inatoka nayo. Mama Vipimo alikuwa anapima na kuandika, anapima na kuandika.

Mara kumi na moja alipeleka hadithi redioni, zikapotelea huko kama soksi. Ya kumi na mbili ikapita. Ilihusu mwizi asiyegusa dhahabu wala fedha. Anaiba saa za ukutani tu, mpaka mji mzima ukawa haujui asubuhi ni lini, walimu wanafika shuleni jua likizama, na mkuu wa polisi amekamata wanaume mia tatu na ushee bila kumpata mwenyewe.

Mtangazaji wa kipindi cha hadithi, mwanamume mwenye sauti nzito kama gunia la mchele, alimwambia, "Mama, mwanzo umenishika, lakini mwisho siuoni. Niletee Ijumaa saa sita mchana, saa kumi naisoma yote. Wasikilizaji wakipiga miayo, usiniletee kitu tena."

Ijumaa saa tatu asubuhi, mwisho ulikuwa bado haujazaliwa.

Dukani walikuwa watatu: yeye, wifi yake, yaani dada wa mumewe, aliyekuwa anashona vifungo, na mzee wa pasi. Mama Vipimo akawasomea hadithi yote, koo likamkauka.

"Haya, nipeni mwisho. Nimekwama."

"Aolewe tu," akasema wifi yake, uzi mdomoni. "Amechoka kuruka madirisha. Aolewe, atulie."

"Nani aolewe?" akauliza mzee wa pasi.

"Mwizi."

"Mwizi aolewe? Aoe, unataka kusema!"

"Aoe nini, babu? Si mwanamke yule?"

"Mwanamke wa wapi! Anaruka ukuta na saa tatu kwapani?"

"Hata mimi naruka!"

"Wewe? Kizingiti tu unakivuka kwa mafungu!"

Mama Vipimo akalipekua daftari. Alikuja, aliruka, alicheka, akafunga mlango. Kurasa arobaini, na hakuna hata mahali pamoja alipoandika mwanamume wala mwanamke! Kichwani mwake mwizi alikuwa mjomba wake mwenye miguu mirefu. Hakuwahi kudhani mwenzake ataona mtu mwingine kabisa.

"Si wewe uliyeandika?" wifi yake akamgeukia. "Mwambie huyu babu! Wifi! Nasema na wewe, wifi!"

Mama Vipimo akaruka kutoka kitini hivi kwamba pini zilitawanyika mpaka mtaa wa tatu, na wa huko wanachomwa nazo hadi leo.

"Rudia!"

"Nirudie nini?"

"Ulivyoniita!"

"Wifi?"

"Hilo hilo! Mwanamume anaitwa wifi?"

"Labda na kichaa," akasema mzee wa pasi.

Kalamu ilikuwa nusu hatua, lakini siku hiyo nusu hatua ilikuwa safari. Akaandika kwa chaki ya kukatia nguo. Mwizi anatoka mchana kweupe nyumbani kwa mkuu wa polisi, kapu limefunikwa, polisi wa getini wanaotafuta mwanamume wanampisha kwa heshima, na mke wa mkuu anaita kutoka dirishani, "Wifi! Kaka yako akirudi nimwambie umepita?" Basi. Mwisho.

Alifika redioni saa sita kasoro dakika mbili, chaki mpaka kwenye nyusi. Mtangazaji akaisoma haraka haraka amesimama, akachomoa kalamu nyekundu.

"Hapa umeteleza, mama. Huyu anamwita mwizi. Si wifi, ni shemeji."

"Ni wifi."

"Au ile waifai ya kwenye simu?"

"Baba, huyu anaiba saa, haibi intaneti. Ni wifi wa kibinadamu."

"Mwanamume haitwi wifi. Watatucheka hewani."

Mama Vipimo akaung'ata ulimi. Akimwambia, ataanza kumsoma mwizi kwa sauti ya kike tangu mstari wa kwanza, na siri yote itamwagika. "Soma kama ilivyo," akamsihi. "Ukilibadilisha neno hilo, umeniulia hadithi."

"Nitaona," akajibu, akalizungushia duara jekundu.

Saa kumi duka lilijaa mpaka wengine wakakaa juu ya meza ya kukatia. Mtangazaji alimpa mwizi sauti ya dume la kweli, kila akiruka ukuta anakohoa. Watu wakasahau kupumua. Mwisho ukafika.

"Mke wa mkuu akachungulia dirishani, akaita..."

Kimya. Karatasi ikasikika ikichakacha.

"Atasema shemeji," wifi yake akanong'ona.

"Akaita, 'Wi...'" Kimya tena. "'Wifi? Kaka yako akirudi...' Kaka yako! Jamani! Ni dada yake! Mkuu wa polisi alikuwa anamtafuta dada yake!"

Akaangua kicheko hewani, gunia zima la mchele likapasuka. Dukani ikawa vifijo, meza ikavunjika mguu, na barabarani wanawake wakaanza kuitana, "Wifi! Wifi!" hata wasiojuana.

"Si nilisema ni mwanamke!" wifi yake akamrukia shingoni.

Mama Vipimo alikuwa anacheka na kulia kwa mkupuo mmoja, lakini mkono ulikwisha kulifungua daftari. "Ngojeni, ngojeni! Kila mtu aniambie, mwizi wako ulimwonaje? Alivaa nini?"

"Gauni la njano!"

"Wangu suruali ya kijivu, na anachechemea!"

"Wangu ni mfupi, jirani yangu kabisa!"

Akaandika mbio mbio, katikati ya viuno na nyonga za watu. Mzee wa pasi peke yake alikunja mikono.

"Redio iseme itakavyo," akasema. "Wangu bado ana ndevu."