Sahihi ya Jicho la Pili
Garnet MacIsaac ametunza orodha ya wagonjwa wanaosubiri upasuaji wa goti hapa Halifax kwa miaka ishirini na miwili. Ni mtu mpole, mwenye koti moja tangu nimjue. Meza yangu imepakana na yake, na haya ninayosimulia sijivunii hata kidogo.

Orodha ile imegawanywa vyumba ndani ya kompyuta, kila mwaka na chumba chake. Chumba kimoja kilijaa mpaka mashine zikawa zinajikokota. Basi Jumanne moja asubuhi Garnet akayahamishia majina ya chumba hicho kwenye vyumba kumi na viwili vidogo, kimoja kwa kila mwezi. Kwetu, chumba cha zamani hakifutwi mpaka mtu wa pili ahesabu majina upya na kutia sahihi. Siku hiyo mtu wa pili nilikuwa mimi.

"Hesabu, Lorne," akaniambia.

"Si umeshahesabu?"

"Saa tatu, wakati naanza. Watu bado wanaandikishwa, bwana."

"We mzee kwa wasiwasi hujambo. Supu ya samaki inapoa huko."

Nikatia sahihi. Hata kufungua orodha sikufungua. Garnet akaiona sahihi yangu, akakifuta chumba cha zamani.

Miezi kumi na moja baadaye, Bi Effie Boudreau, anayetuuzia chai ghorofa ya chini, akamwuliza, "Mwanangu, hiyo foleni yenu inasogea kweli? Mimi hata simu sijapigiwa." Siku hizo alikuwa hainuki bila kushika meza.

Garnet akamtafuta kwenye orodha, hayumo. Karatasi ya daktari wake ilionyesha aliandikishwa Jumanne ile ile, saa nne na dakika kumi. Jina lake liliingia chumba cha zamani wakati majina mengine yameshahama, likafutwa pamoja nacho.

Mbele ya mkuu wetu Garnet alisema, "Nimefuta mimi." Hakunitaja. Nami nilikuwa pale pale, nimejikausha, masikio yananiwaka kwa aibu.

Alipokwenda kumwomba Bi Effie radhi, nilimfuata, nimeapa moyoni kwamba leo nasema. Akamweleza yote, kwamba kosa ni lake, na kwamba Bi Effie atapasuliwa mwezi ujao. Bi Effie akanigeukia.

"Na wewe Lorne, umefuata nini?"

"Nimemsindikiza tu."

"Una roho nzuri, mwanangu," akasema. Akashika meza, akainuka taratibu, akanimiminia chai. Garnet akatazama pembeni. Nikaipokea, nikainywa.